Aliyeanza Kujikuna

Mtu mzima wa Dar es Salaam hana upele. Ana aleji. Amebadilisha sabuni, amekula kamba wa Feri, joto la Februari limemzidi, au nguo ya mtumba hakuifua vizuri kabla ya kuivaa. Upele ni wa watoto wa bweni na wa mahabusu. Na mimi nilikuwa na aleji yangu, tena yenye ratiba: mchana imetulia kabisa, usiku nikishajifunika shuka inaamka. Famasi ya mtaani walinipa tyubu ya kupunguza mwasho. Nikapata nafuu kidogo, kisha ikarudi na nguvu mpya. Krimu za aina ile zinanyamazisha ngozi, ila mdudu anayeleta upele haziuwi, na zinafanya hata daktari apate shida kuutambua ugonjwa.

Wakati huo nilikuwa na mtu. Nitamwita Seif. Hatukuwa tunaishi pamoja. Mimi nilikuwa nimepanga Sinza na rafiki yangu, yeye alikuwa anakaa kwa dada yake Mbagala, na wikiendi zilikuwa zetu. Mpangilio huu nautaja mapema kwa sababu upele unafuata ramani ya nani analala na nani. Haupiti hewani wala hauruki kama kiroboto. Unapita ngozi kwa ngozi, na mdudu wake anatambaa taratibu, anahitaji kama robo saa au zaidi ya ngozi iliyotulia juu ya ngozi. Kupeana mkono msibani kwa kawaida hakutoshi. Sasa mtu mzima anagusana kwa muda mrefu hivyo na nani? Na mtoto anayelala naye, na mgonjwa anayemuuguza, na mpenzi wake. Ndiyo maana kwa watu wazima madaktari wanauhesabu miongoni mwa magonjwa yanayoweza kupatikana kwa kujamiiana, ingawa tendo lenyewe si lazima. Mkilala mmekumbatiana mpaka asubuhi, imetosha. Kondomu ina kazi zake nyingine na iendelee nazo, ila hapa haisaidii: mapaja, tumbo na mikono vyote viko nje yake.

Daktari wa ngozi hakuhangaika na tumbo nililomwonyesha, palipokuwa pamejaa vipele. Aliniambia nitandaze vidole. Akaangalia katikati yake, akaangalia kifundo cha mkono na ukingo wa kiganja, akauliza kuhusu makwapa, kiuno, chuchu na makalio. Kwa mwanamume, alisema, hakosi kuangalia uume na korodani, maana pale huwa vinajitokeza vinundu vinavyowasha. Kisha akachukua kalamu, akapaka wino mahali fulani kwenye kifundo changu, akafuta kwa pamba yenye spiriti. Wino ulitoka wote isipokuwa kwenye kijistari kimoja kilichopindapinda, kifupi kuliko punje ya mchele. Akanipa lenzi. Mwisho wa kijistari palikuwa na nukta.

Ile nukta ni jike. Hafiki nusu milimita. Anachimba mtaro wake kwenye tabaka la juu la ngozi, anataga mayai mawili matatu kwa siku, na anaishi humo mwezi mmoja hadi miwili. Kilichonishangaza zaidi ni idadi: mtu mwenye upele wa kawaida anabeba wadudu kumi hadi kumi na tano tu. Mwili mzima unawaka kwa ajili ya wadudu wanaotosha kwenye kichwa cha pini. Vile vipele vingi si makazi yao. Ni mwili unaogombana na mayai yao na kinyesi chao, na ugomvi huo unaenea hata sehemu wasikokuwepo. Wanaobeba maelfu, hata mamilioni, ni wale wenye upele wa magamba, ambao huwapata zaidi watu ambao kinga zao zimeshuka au wazee waliodhoofika. Hao wanaambukiza hata kwa kuguswa kidogo.

(Kwa wapenda historia: daktari Giovanni Cosimo Bonomo na mfamasia Diacinto Cestoni, huko Italia, walimchora mdudu huyu mwaka 1687. Wakubwa wa tiba wakaendelea kulaumu damu chafu. Ilibidi ifike 1834 ndipo mwanafunzi kutoka Corsica, Simon François Renucci, akamtoa mdudu kwa sindano mbele ya walimu wake mjini Paris, kwa namna aliyowaona wanawake wa kwao wakifanya. Wale kina mama walikuwa wanajua siku zote.)

Nilimwambia Seif jioni ileile, kwa simu. Akanyamaza, kisha akasema, “Mimi mbona sina kitu? Umeitoa wapi?”

Swali hilo limevunja mahusiano mengi, na kwa upele ni swali lisilo na jibu. Nilimwomba daktari anieleze mara mbili ili na mimi niweze kueleza. Mtu ambaye hajawahi kuupata, mwili wake unachukua wiki nne hadi sita kabla haujaanza kuwasha. Muda wote huo anaye mdudu, anamwambukiza mwenzake, na ngozi yake ni safi kama ya tangazo la losheni. Lakini aliyewahi kuupata zamani, mwili wake unamkumbuka adui. Akipata tena, anaanza kujikuna ndani ya siku moja hadi nne. Kwa hiyo chukua watu wawili kitandani: mmoja aliugua upele akiwa shule ya bweni, mwingine hajawahi. Huyo ambaye hajawahi anaweza kuuleta, akakaa nao kimya mwezi mzima, na wa kwanza kujikuna akawa yule aliyeambukizwa juzi. Anayejikuna ndiye anayeonekana mwenye kosa, na anayeuliza “umeitoa wapi” ndiye aliyeuleta.

Mimi nilisoma bweni. Kidato cha pili bweni zima tulipakwa dawa tukiwa tumepanga foleni. Seif hajawahi kulala bweni maisha yake yote.

Sikusema kwamba yeye ndiye aliyeleta. Nilisema hesabu inaruhusu. Inaruhusu pia kuwa mimi ndiye niliyeleta, kwa sababu kabla ya Seif kulikuwa na mwingine na pengo kati yao halikuwa kubwa. Ukitaka kumtafuta mkosaji kwenye upele utapata washukiwa wengi na ushahidi hakuna. Bora nguvu hiyo uitumie kuandika orodha ya watu. Orodha ndiyo sehemu ya tiba ambayo famasi hawauzi. Kila uliyelala naye, kwa maana zote mbili za kulala, ndani ya mwezi mmoja au miwili iliyopita, anatakiwa kutibiwa, hata kama hajikuni, na kwa kadiri inavyowezekana usiku mmoja na wewe. Ukijitibu peke yako, wiki ijayo mwenzako anakurudishia.

Orodha yangu ilikuwa na majina ambayo hayakutakiwa kukaa karatasi moja.

Wa kwanza rafiki yangu wa Sinza. Huyo alikuwa rahisi. Umeme ukikatika tulikuwa tunavuta godoro moja sebuleni karibu na dirisha, kwa hiyo hakuhitaji maelezo. Alicheka, akaniita majina yasiyoandikika, akauliza bei.

Wa pili yule wa zamani. Sikumpigia, nilimwandikia: “Habari za siku nyingi. Nimekutwa na upele. Daktari anasema wote tuliokuwa karibu miezi miwili hii tutibiwe hata kama hatujikuni. Dawa inaitwa BBE, ipo famasi, unapaka mwili mzima kuanzia shingoni. Sikulaumu na sitaki tuanze ya zamani.” Nashauri ujumbe uwe mfupi hivyo, wenye jina la dawa ndani yake na usio na alama ya kuuliza hata moja. Jibu lilikuja usiku: “Kumbe ndo hiki! Mimi mwezi wa pili huu naoga majani ya mwarobaini.” Seif alipousoma alidhani ameshapata jibu la swali lake. Nilimwambia arudie hesabu. Mtu anayejikuna mwezi wa pili anaweza kuwa alinipa mimi, na anaweza kuwa nilimpa mimi.

Wa tatu ndiye aliyetutoa jasho. Seif alikuwa analala chumba kimoja na watoto wa dada yake, wawili wa kiume, na mdogo alikuwa kila usiku anahamia godoro la mjomba wake. Watoto walitakiwa watibiwe. Wakitibiwa watoto, anatibiwa mama yao, na baba yao. Kwa hiyo dada alitakiwa aambiwe.

“Dada atajua,” Seif akasema.

“Atajua nini?”

“Kwamba tunalala.”

“Seif. Dada yako anafikiri kila Ijumaa unaenda wapi?”

Hakujibu, na sikumcheka, kwa sababu nilikuwa namwelewa. Sisi tunaweza kuishi miaka na jambo ambalo kila mtu analijua ilimradi halijatamkwa. Kijana anaaga Ijumaa na begi dogo, anarudi Jumapili jioni amenyoa, na dada anamuuliza tu kama amekula. Heshima imelindwa kwa kutouliza. Upele unakuja kuuliza. Malaria ungeisema tu, mbu hana uhusiano na tabia ya mtu. Lakini ukimwambia dada wa mpenzi wako “nimekutwa na upele, mtibu na wanao,” umemsimulia kitanda chote kwa sentensi moja. Ndiyo maana watu wanajipaka kimyakimya, mmojammoja, na ugonjwa unazunguka nyumba nzima mwaka mzima. Wahenga walisema mficha uchi hazai; hapa mficha upele haponi, na wala haponi aliye karibu naye.

Mwisho nilimpigia mimi. Nilikuwa nimepanga maneno, nikaanza na shikamoo, na afya za watoto, nikafika kwenye daktari wa ngozi. Hakuniacha nimalize.

“Wifi yangu, mbona hukusema siku zote? Huku watoto wanajikuna tangu shule zifungwe. Nimewapaka mpaka mafuta ya taa.”

Neno “wifi” hakuwahi kuniita kabla ya hapo. Kwa upande wa upele, taarifa yake ilimwongeza mshukiwa mwingine, maana mtoto mkubwa alikuwa ametoka kambi ya darasa la saba, wanafunzi wamelala wawili wawili. Seif tena akataka kupiga hesabu. Nilimwambia aache.

Na mafuta ya taa naomba yaachwe kabisa. Yanaunguza ngozi na yanapenya mwilini. Vilevile dawa ya kuogeshea mifugo, ambayo nimesikia watu wakiisifia kwa nguvu zake. Nguvu hizo ni za ng’ombe. Mwarobaini na maji ya chumvi vinaweza kumpoza mtu kwa muda, lakini kuvitegemea ndiko kumemfikisha yule bwana mwezi wa pili.

Dawa yenyewe haina makuu. BBE ni maji mazito meupe kama maziwa, yenye harufu ya dukani, na ndiyo inayopatikana kwa wepesi kwetu. Ipo krimu ya pemethrini, ambayo kwa kawaida unapaka na kukaa nayo saa nane hadi kumi na nne, kisha unaoga na kurudia baada ya wiki. Watoto wanapimiwa BBE iliyozimuliwa, na kwa wachanga na wajawazito wahudumu wengi huona mafuta ya salfa yanafaa. Mtoto wa mwisho wa wifi alipelekwa zahanati akapewa hayo. Ratiba za BBE zinatofautiana, fuata uliyoandikiwa. Lisilotofautiana ni namna ya kupaka: kuanzia shingoni mpaka nyayo, si pale panapowasha tu. Katikati ya vidole, kitovuni, kinena chote, chini ya kucha zilizokatwa. Ukinawa mikono, unaipaka tena.

Usiku ule tulikuwa chumbani kwangu, feni imezimwa ili dawa isikauke kabla ya kuenea. BBE inachoma. Kwenye mikono unavumilia, ila mahali uliponyoa majuzi ni habari nyingine, na Seif, aliyekuwa amejinyoa kwa ajili ya wikiendi ambayo haikuwa wikiendi ya aina hiyo, alizunguka chumba akijipepea kwa daftari langu la mahesabu. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha ikafika zamu yangu na kicheko kikaisha. Mgongoni ndiko usikoweza kufika peke yako. Alinipaka taratibu, mstari kwa mstari, kama anayepiga ukuta rangi na hataki kuacha doa, akaniuliza kama kwenye mikunjo ya chini ya matiti nimeshapaka. Tulikuwa hatujawahi kuangaliana hivyo, taa ikiwa inawaka na hakuna mwenye nia yoyote. Mbagala nako saa ileile wifi alikuwa amewapanga watu wake sebuleni.

Yule wa zamani, ambaye mgongo wake haukuwa na mtu, alienda hospitali akapewa vidonge vya ivamektini, dozi ya kwanza na nyingine baada ya wiki moja hadi mbili, kwa kuwa kidonge hakiuwi mayai. Dozi inapimwa kwa uzito, na haipewi mjamzito wala mtoto asiyefika kilo 15. Wengi wameshaimeza bila kujua: ndiyo inayogawiwa kwenye kampeni za matende na mabusha pamoja na albendazo. Zanzibar walipoigawa kwa miaka kadhaa kwa ajili ya matende, watafiti waliripoti mwaka 2012 kuwa wagonjwa wa upele nao kwenye vituo vya afya walipungua sana. Fiji wakaijaribu kwa makusudi, visiwani kwao, wakaona upele umeshuka kutoka karibu theluthi ya watu hadi chini ya asilimia mbili ndani ya mwaka mmoja. Hiyo yote ni kwa kutibu jamii nzima kwa pamoja, wenye vipele na wasio navyo. Shirika la Afya Duniani limeuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na linakadiria watu zaidi ya milioni 200 wanao wakati wowote ule. Kwa hiyo tulikuwa na wenzetu.

Kuhusu nguo, watu wanapoteza nguvu nyingi mno. Mdudu akitoka mwilini anakufa ndani ya siku mbili tatu. Wakati wa vita ya pili ya dunia, Kenneth Mellanby alifanya majaribio na watu waliojitolea mjini Sheffield, Uingereza: wakavaa nguo za ndani za wagonjwa na kujifunika mablanketi yao. Walioambukizwa kwa njia hiyo walikuwa wachache sana. Kikulacho ki nguoni mwako, ila huyu mmoja yuko ndani zaidi. Fua mashuka, khanga, taulo na nguo za siku chache zilizopita kwa maji ya moto, anika juani, piga pasi. Zisizofulika zifunge kwenye mfuko uziache siku kadhaa. Godoro usilichome. Usilipulizie dawa ya mbu ukalilalia.

Daktari alituomba pia tupime mengine, Virusi vya UKIMWI na kaswende, kwa kuwa kilichofungua mlango mmoja kinaweza kuwa kimefungua mingine. Hapo ndipo nilipojua kimya cha Seif kwenye simu kilihusu nini. Huku kwetu mtu akiona vipele visivyoisha, akilini linakuja neno moja tu, na yeye alikuwa ameshajizika. Tulipima, majibu yakawa hayana kitu, akala chipsi mayai mbili mfululizo.

Kisha ikaja sehemu ambayo hakuna anayekuandaa nayo. Dawa imeua, lakini mwasho unaendelea, wiki mbili hadi nne, kwa sababu maiti za wadudu bado ziko kwenye ngozi na mwili haujajua vita vimekwisha. Ushauri tuliopewa ni kutokutana kimwili mpaka wote wawili tumemaliza raundi zote. Raundi ziliisha, ruhusa tukawa nayo, hamu ikagoma. Kila mmoja akijikuna mwingine anainua kichwa kutoka kwenye mto. Hapo ndipo wengi wanapojipaka BBE tena na tena mpaka ngozi inaungua na kuwasha upya, wakidhani ni mdudu. Kipimo tulichopewa cha kujua kama mdudu bado yupo kilikuwa vijistari vipya au vipele vipya baada ya wiki nne. Tukajipaka losheni ya kalamini, tukasubiri. Kinundu kimoja cha Seif, mahali pasipotajika mezani, kilikaa miezi. Daktari alikiangalia akasema hakina mdudu tena, ni kovu la hasira za mwili, kitaondoka kikijisikia.

Tuliachana mwaka uliofuata kwa mambo mengine kabisa. Kazi ilimpeleka Mwanza na mimi sikutaka kwenda. Wifi bado ananiita wifi, sijui atamwitaje atakayekuja.

Rafiki yangu wa Sinza aliniuliza kama mtu mpya anastahili kuambiwa. Kwa maoni yangu, ukiwa nao anastahili kujua kabla hajavua shati, siyo baada. Ukishapona hudaiwi kitu. Upele hauna tabia ya kujificha mwilini ukaibuka miaka mitano baadaye, kama ilivyo malengelenge ya sehemu za siri. Huyu wa sasa nilimwambia hata hivyo, hadithi nzima, mpaka la daftari la mahesabu. Tulikuwa tunakula mihogo Coco Beach na nilimwona anajikuna kiwiko. Walikuwa mbu.